Mzee Aliyeanzia Nyuma ya Mzinga

Wasifu uliosomwa siku ya mazishi ulisema marehemu alikuwa mkulima, mume wa mke mmoja, baba wa watoto wengi na muumini wa kanisa lake. Yote kweli tupu. Lakini sisi tuliokaa chini ya turubai pale kijijini, si mbali na Benaco, tulijua kwamba shamba la migomba lilikuwa la mama, na kwamba mzee mwenyewe maisha yake yalikuwa porini, juu ya miti, pamoja na nyuki. Alikuwa baba mkwe wangu. Mkwe hapigi soga na baba mkwe, kwa hiyo kazi yake niliijua kwa kutazama zaidi kuliko kwa kuuliza, na nadhani ndiyo maana niliiona vizuri.

Ilianza na gogo. Alipenda mninga kwa kuwa mchwa hauwezi, ila hakukata mti mbichi kwa ajili ya mzinga; alitafuta ulioangushwa na upepo au kipande kilichoachwa na wapasua mbao. Alikata urefu wa mita moja hivi, akaupasua katikati kwa kabari, kisha akachimba kila nusu kwa tezo mpaka ukuta ukabaki unene wa vidole viwili. Nusu zile zikarudiana. Hapo wengi wangefunga waya na kwenda kunywa chai. Yeye aliinua mzinga juani, akachungulia ndani, na kila alipoona uzi wa mwanga kwenye maungio alifungua, akachonga kidogo sana, akafunga, akachungulia tena. Kwa nini asizibe kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe? “Nyuki akikuta ufa anakuwa fundi,” alisema. “Mimi namtaka awe mpishi.”

Matundu ya kuingilia aliyatoboa upande mmoja tu, membamba, nyuki apite na panya ashindwe. Ndani alipaka nta iliyopashwa moto, maana harufu ya nta huwaita nyuki wanaotafuta makazi. Kisha ukaja uchaguzi wa mti: karibu na maji, mbali na njia ya watu na ng'ombe, kivuli kiwepo jua linapokuwa kali. Mara nyingi aliishia kwenye mtundu. Mzinga ulining'inia kwa waya mbali na shina, kwa sababu nyegere ni mpandaji hodari, na waya wenyewe aliupaka grisi ili siafu washindwe kushuka.

Baada ya hapo hakufanya kitu. Hakununua kundi wala hakulikamata. Miombo ya huku huchipua majani yenye wekundu na kuchanua kabla ya mvua, nyasi zikiwa bado kavu, na nyuki hufuata maua. Mizinga mingine ilikaa mitupu misimu kadhaa, naye akapita chini yake, akatazama juu, akaendelea na safari.

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi. Benaco, jina lililoachwa na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, pakawa jiji la maturubai. Mpaka Wanyarwanda wale waliporudi kwao Desemba 1996, miti mingi ya jirani ilikuwa imekwisha kwa kuni, na ya mzee ilikuwemo. Nimesikia watu wa huku wakizungumzia miaka ile kwa uchungu, na wana haki yao. Yeye alisema tu, “Maharage hayaivi kwa jua,” akahamishia mizinga yake upande wa Biharamulo, mwendo mrefu zaidi kwa baiskeli.

Kurina kulikuwa kwa usiku, maana nyuki wetu mchana hawana simile. Siku hiyo hakugusa ndizi mbivu tangu asubuhi, katika nyumba ambayo ndizi haikosekani. Nilidhani ni mwiko. Baadaye nikasoma kwamba nyuki anapouma hutoa harufu ya kuwaita wenzake vitani, na harufu hiyo inafanana na ya ndizi iliyoiva. Mzee hakusoma hayo popote.

Juu ya mti alipuliza moshi kidogo, akasubiri. Nyuki akinusa moshi hujaza tumbo asali, na aliyeshiba hana hamu kubwa ya kupigana. Moshi ukizidi, asali nayo hunuka moshi. Kisha alifungua mzinga upande usio na matundu. Nyuki hulea majana karibu na mlango na kuweka akiba nyuma, kwa hiyo anayeanzia nyuma hukutana na asali kwanza. Alikata masega yaliyofunikwa kwa nta tu, kwa kuwa asali ambayo haijafunikwa bado ina maji mengi na huchacha. Mkono wake ulipogusa sega laini lenye majana alisimama. Ndoo haikujaa? Basi. Akafunga.

Alirudi alfajiri, mama akiwa ameshapasha maji ya kuoga. Sega la kwanza lilikuwa la mama, kabla ya watoto, na sijawahi kuona likienda kwingine. Mama ndiye aliyechuja, akachemsha nta, akaijua asali ya kila msimu kwa rangi. Mke wangu alifundishwa kushika mwenge tangu akiwa mdogo, na hadi leo hukasirika akiona moto wa jikoni unafuka ovyo.

Maafisa wa nyuki husifu mizinga ya masanduku, na sina ubishi nao: hukaguliwa kwa urahisi, na asali hutoka safi. Ninachokataa ni neno “duni” linalobandikwa kwenye gogo kana kwamba mkono uliolichonga nao ulikuwa duni.

Shemeji yangu mdogo sasa ana masanduku, ameyaweka kwenye msitu wa kijiji, nje ya mipaka ya Burigi-Chato, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Anavaa ovaroli nyeupe na kofia ya wavu. Kwenye sanduku asali hukaa juu na majana chini, kwa hiyo hakuna cha kuanzia nyuma. Ila siku ya kurina hali ndizi mbivu, na mke wake, aliyekulia mjini, anaamini kabisa kwamba ameolewa kwenye ukoo wenye mwiko wa ndizi.