Sifa na Matumizi ya Herufi za Bodoni

Mwalimu na mtahiniwa, tunapohakiki fani huangalia muundo, mtindo, wahusika na lugha. Ni nadra kuitazama herufi iliyoyabeba maneno hayo. Ilhali herufi nayo, kama mhusika, ina umbo, tabia na mahali inapofaa. Hebu tuihakiki moja: Bodoni.

Herufi hii ina jina la muundaji wake, Giambattista Bodoni (1740–1813), Mwitalia aliyesimamia kiwanda cha chapa cha mtawala wa Parma kuanzia 1768. Mkusanyo mkuu wa herufi zake, Manuale Tipografico, ulitolewa na mjane wake, Margherita, mwaka wa 1818. Enzi hizo karatasi laini zilikuwa zimeanza kupatikana, hivyo mistari myembamba sana iliweza kuchapika vyema.

Sifa yake kuu ni ukinzani. Itazame O: mbavu zake ni nene, lakini juu na chini ni nyembamba kama uzi. Katika H, nguzo mbili nene zimeunganishwa kwa mstari mwembamba. Vijistari vinavyomalizia ncha za herufi navyo ni vyembamba na vimenyooka. Aidha, herufi husimama wima, bila ule mwinamo wa kalamu mkononi. Ukiulizwa tabia yake, sema ni maridadi, yenye nidhamu na yenye kujitenga kidogo. Ni kama bwana harusi katika kanzu iliyopigwa pasi: anapendeza kutazamwa, lakini humtumi kuteka maji.

Matumizi yake yanatokana na sifa hizo. Hufaa pale maneno ni machache na makubwa: jina la kitabu jaladani, bango, kadi ya mwaliko. Jarida la mitindo la Vogue hutumia jaladani herufi ya jamii hiyohiyo, Didot ya Ufaransa.

Hata hivyo, umaridadi huo una gharama. Herufi ikiwa ndogo, kisha karatasi ikatolewa nakala ya nakala, mistari myembamba hufifia. Kijistari cha katikati ya e kikitoweka, hubaki c. Kiungo cha n kiko juu na cha u kiko chini. Vyote vikifutika, herufi zote mbili huwa nguzo mbili tu. Hapo "kuna mbuzi" na "kuua mbuzi" havitofautiani. Katika shairi ambalo mtahiniwa analisoma kwa mara ya kwanza, kosa hilo laweza kumpotosha ubeti mzima, naye atahukumiwa kuwa hakuelewa.

Huenda ukasema kosa ni la mashine. Lakini wachongaji walilijua jambo hili. Toleo la ITC Bodoni la 1994 lilitengenezwa kwa maumbo matatu, ya ukubwa wa pointi 6, 12 na 72. Katika lile dogo mistari myembamba iliongezwa unene. Yaani, hata herufi ileile hubadili umbo kulingana na kazi yake.

Hili ndilo funzo kwa mhakiki: uzuri wa fani hupimwa kwa kazi iliyokusudiwa na kwa msomaji aliyelengwa. Nawe mwalimu, kabla ya kuchapisha mtihani wa shule, toa nakala moja, kisha utoe nakala ya hiyo nakala. Tafuta humo n, u na e. Zikikusumbua, badilisha herufi, na Bodoni uiache ipambe jalada.