Jembe Halikuwa na Kazi Kichuguuni

Mliokwenda msituni kutoka Mikelenge baada ya mvua za Septemba mliyaona mavuno yale ya uyoga wa kichuguuni, kwa hiyo sina haja ya kuyasimulia tangu mwanzo. Nina neno juu ya amri moja tu ya kiongozi wa kundi: "Leteni jembe!" Ilikuwa amri mbaya, na vitunga kujaa hakuihalalishi.

Turudi pale kichuguuni. Uyoga ulikuwa umeshatoka, mwingine umefunguka, mwingine bado umefumba. Shina lake, kama mjuavyo, hushuka ardhini kwa mzizi mrefu mpaka kwenye sega la mchwa. Mkono ulitosha: shika chini karibu na udongo, zungusha taratibu, vuta. Mzizi ukikatika, uache; chakula ni kile kilicho juu. Lakini kiongozi alipoona mizizi inakatika, akataka yote. Jembe likapiga, masega yakatapakaa juani, mchwa wakatawanyika. Mtu anayewajua wadudu angeinua mkono hapo hapo na kusema basi. Mchwa hao ndio wakulima wenyewe. Hula miti mikavu na majani makavu, hujenga sega kwa kinyesi chao, na uyoga huotea humo ukilainisha kile ambacho matumbo yao hayakiwezi. Kuvunja sega kwa ajili ya mkia wa uyoga ni kuuza shamba ili ununue mboga.

Kosa hilo likazaa la pili, maana jembe halichagui. Hakuna hata uyoga mmoja ulioachwa umwage mbegu. Katika aina nyingi za uyoga huu, kumbikumbi wanaoruka kwenda kuanzisha kichuguu kipya hawabebi mbegu kutoka kwao. Wafanyakazi wao wa kwanza ndio huziokota nje. Tukichuma wote, wataokota nini?

Kuutambua uyoga na kuusafisha udongo kulifanywa vizuri.

 Tamaa iliyoita jembe ni ile ile inayoangusha mti mzima wa sapeli kwa ajili ya viwavi ambao, wakikomaa, hushuka wenyewe.

Mama zetu wa zamani hawakuvuna hivyo. Mtaalamu wa uyoga Roger Heim aliuandika uyoga huu kwa jina la Termitomyces mwaka 1942. Lakini mama hao walishajua vichuguu vyake kimoja kimoja. Waliwahi alfajiri, wakachuma kwa mkono, na uliozeeka wakauacha, kwa kuwa una funza na hauna ladha hata ukiutia mawese. Kwa hiyo kichuguu kile kile kiliwalisha mwaka hadi mwaka.

Kichuguu cha safari hii kisipotoa kitu msimu ujao, tusiilaumu mvua. Atakayeongoza kundi lijalo aseme mapema, kabla watu hawajatoka nyumbani: vitunga na mikono, basi. Jembe libaki kwenye mihogo.