Jinsi ya Kupima Picha ya Kauboi ya Bei Rahisi

Stelingi hafi, hilo unalijua kabla hujaketi. Kwa hiyo ukitazama picha za kauboi alizocheza John Wayne kati ya 1933 na 1935 kwa kampuni ndogo ya Lone Star, zikasambazwa na Monogram, usisumbuke na hadithi. Ni ileile: maji au dhahabu, tajiri mroho, binti wa kuokolewa, na kwa saa moja hivi mambo yamekwisha.

Anza na farasi. Mbio nzuri humwonyesha mpandaji mzima, kwato hadi kofia, na mlima nyuma yake, ukaelewa katoka wapi na anaelekea wapi. Archie Stout, mpiga picha wa nyingi kati ya hizi, alikuwa na jua la California na vumbi lake, vyote vya bure, na akavitumia vizuri. Baadaye alishinda Oscar pamoja na Winton Hoch kwa The Quiet Man.

Kisha mtafute Yakima Canutt, bingwa wa rodeo. Mara nyingi yeye ndiye adui, na yeye huyohuyo ndiye anayevaa kofia ya Wayne panapotakiwa kuruka au kuanguka. Ukimgundua, usiikate picha alama. Kampuni haikuwa na watu wa kutosha. Mimi hukata pale farasi anapopinduka ghafla kichwa chini: zama hizo walifungwa waya miguuni, na wengi waliumia vibaya.

Ngumi nazo zina kipimo chake. Kamera ikikaa nyuma ya bega la mmoja, ngumi hupita hewani na bado ukaona imempata mtu. Ikikaa ubavuni, unaona wanapapasana tu.

Mfano wa kujifunzia ni mwanzo wa Randy Rides Alone, wa 1934. Wayne anaingia baa. Piano inajipiga yenyewe, na watu wamelala sakafuni, maiti. Hakuna anayesema neno. Ukutani, ndani ya picha ya kuning'inizwa, macho yanamfuata. Chumba kimoja na piano, basi! Baadaye picha inalegea, ila mwanzo huo wenye studio kubwa wangeuonea wivu.

Angalia nakala unayoichukua. Nyingine zilibandikwa muziki wa vinanda vya umeme miongo kadhaa baadaye, na unafunika kila kitu, hata kwato. Hizo ziache dukani.