Jicho la Mfugaji wa Nyoka

Ng'ombe akiugua huacha kucheua, kuku hunywea na kushusha mbawa. Nyoka hana kope za kufumba wala sauti ya kulalamikia, na uso wake ni uleule awe mzima au taabani. Ndiyo maana namstahi mfugaji anayeweza kumtazama nyoka aliyejikunja kimya na kujua kama anapumzika au anaumwa.

Chukua yule chatu mdogo anayejiviringisha akiogopa. Kwao ni Afrika, kuanzia Senegali hadi Uganda, na wengi wamesafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin kwenda Marekani na Ulaya, wanakofugwa majumbani. Huweza kukataa chakula kwa miezi, hasa dume msimu wa kupandana. Mfugaji mgeni hupata hofu. Mzoefu humpima uzito. Ukibaki palepale, humwacha. Ukishuka wiki baada ya wiki na uti wa mgongo ukaanza kujitokeza, hangoji tena. Hata hivyo, hukagua kwanza joto la kizimba, kwani nyoka hutegemea joto la nje, na akiwa kwenye baridi chakula hakisagiki tumboni na mwili hushindwa kupambana na maradhi.

Siku kadhaa kabla ya kujivua gamba, macho hufunikwa na ukungu wa buluu, ngozi hufifia, naye hujificha na kuwa mkali. Asiyejua atadhani amepofuka. Anayejua hamgusi, huongeza unyevu na kusubiri. Macho hung'aa tena, na baada ya siku chache gamba huvuka kuanzia midomoni, likigeuka ndani nje. Hapo ndipo ninapoupenda ufundi huu kuliko popote: gamba ambalo mwingine angelitupa, yeye hulinyoosha mezani na kutafuta sehemu ya macho. Jicho la nyoka lina kigamba angavu kinachopaswa kutoka pamoja na ngozi yote. Kisipoonekana pale, huenda kimebaki jichoni.

Miayo nayo ina sura mbili. Baada ya kumeza, nyoka hupanua taya ili kuzirudisha mahali pake. Lakini akipanua mdomo mara kwa mara bila kula, kichwa kikiwa juu, pumzi ikikoroma na mapovu yakitoka, mapafu yameshambuliwa. Hana kiwambo cha kumsaidia kukohoa, hivyo ute hujikusanya ndani. Vilevile, kulala ndani ya bakuli la maji kunaweza kuwa maandalizi ya kujivua, au njia ya kukimbia utitiri; vidoa vyeusi vinavyoelea majini ndivyo vitakavyosema.

Kuna dalili inayotisha kuliko zote: kichwa kupinda kuelekea mgongoni, na nyoka akilazwa chali hawezi kujigeuza. Huenda ni ugonjwa wa virusi usio na tiba, unaodai atengwe mara moja. Lakini hata hapa wapo chatu waliozalishwa kwa ajili ya rangi, wa ukoo uliopewa jina la buibui, ambao hutikisa kichwa tangu kuanguliwa kwa kasoro ya kurithi. Kwa hiyo daktari wa mifugo atauliza kwanza hali hiyo ilianza lini, na mfugaji hodari atafungua daftari lake la tarehe za kula, kujivua na uzito, amwonyeshe ukurasa.