Ugumu Usiosikika: Liszt na Chopin

Msikilizaji akiulizwa ni kazi ipi iliyo ngumu zaidi kupigwa kwenye piano, «Mazeppa» ya Franz Liszt au zoezi la pili la Opus 10 ya Frédéric Chopin, hatasita kuitaja ya kwanza. Kwa maoni yetu, sikio humdanganya, kama vile sisi walimu tudanganywavyo tunapopima ugumu wa kitabu kwa kuhesabu maneno mageni.

«Mazeppa» ni ngurumo ya dakika nane hivi. Mikono huruka huku na huku juu ya kinanda, ikiiga mbio za farasi aliyefungiwa mtu mgongoni, kisa kilichotungiwa shairi na Victor Hugo. Kazi hiyo yataka nguvu, lakini mzigo hugawanywa baina ya bega, mkono na kiwiko, na noti moja ikikosewa humezwa na kishindo.

Zoezi la Chopin, lililochapishwa mwaka 1833, halifiki dakika mbili. Mkono wa kulia hupanda na kushuka ngazi ya nusu-sauti kwa vidole vitatu vya mwisho tu, cha kati, cha pete na kile kidogo, navyo hupishana kwa kurukana. Wakati huohuo gumba na shahada hudonoa sauti fupifupi chini yake. Kidole cha pete ni kinyonge kwa maumbile, na hapa ndicho kibebeshwacho mzigo. Chopin aliandika namba za vidole karibu juu ya kila noti, mpigaji asije akajitafutia njia ya mkato. Tena yote yatiririke kwa upole, pasipo kukatika! Kosa moja husikika kama kikohozi wakati wa sala.

Watetezi wa Liszt watataja uchovu. Ni kweli «Mazeppa» huchosha, lakini uchovu huzoeleka. Isitoshe, Liszt mwenyewe ni shahidi wetu: mazoezi yake yaliyotoka mwaka 1839 yalisheheni noti kupita kiasi, naye katika chapa ya mwaka 1852 aliyapunguzia mzigo, wala ngurumo haikupungua. Katika zoezi la Chopin hamna cha kupunguza. Mpe mpigaji ruhusa ya kuazima gumba kwa ile ngazi, na zoezi lenyewe limekwisha. Na Opus 10 hiyo, Chopin alimtunukia Liszt huyohuyo.