Sanduku Lililoiharibu Young Guns

Mwongozaji Christopher Cain aliishika vizuri filamu ya Young Guns (1988) mpaka dakika za mwisho, kisha akaitupa nje pamoja na lile sanduku.

Mnaikumbuka sehemu yenyewe. Nyumba ya McSween, wakili anayewaunga mkono Billy the Kid na vijana wenzake, pale Lincoln, New Mexico, imezingirwa, moto unakula vyumba, wanajeshi wamefika na bunduki ya Gatling. Kila picha inayofuata inawabana vijana zaidi. Hapo ndipo sanduku linatupwa nje, na Billy wa Emilio Estevez anachomoka humo kwa mwendo wa polepole, bastola zikiwaka. Ghafla hatujui tena adui gani yuko upande gani, wala risasi zinamwendea nani. Mzingiro uliojengwa kwa subira umefutwa ili stelingi apate picha ya bango.

Na historia ilikuwa imempa Cain tukio zuri kuliko hilo. Usiku wa 19 Julai 1878 Billy na wenzake walitoka mbio gizani, nyumba ikiteketea nyuma yao. McSween akauawa uani. Fikirieni mwanga huo mmoja tu wa moto: mtu akiwa karibu na nyumba anaonekana, anauawa; akilifikia giza, amepona. Mpiga picha Dean Semler, ambaye picha zake za New Mexico hazina kasoro, angeweza kuupiga usiku ule. Akapewa mchana kweupe.

Nimelisema miaka yote na sitaacha: mwendo wa polepole si pambo. Katika The Wild Bunch (1969), Sam Peckinpah alitega kamera kadhaa zenye kasi tofauti, na mhariri Lou Lombardo akapenyeza vipande vya polepole kati ya vile vya kasi ya kawaida. Mtu anaanza kuanguka, tunapelekwa kwa mwingine, tukirudi bado hajafika chini. Peckinpah alimpa anayekufa muda huo, nasi tukalazimika kuuona uchungu wake. Cain anampa anayeua, ili tumshangilie.

Muziki wa Marinelli na Banks, wenye vinanda vya umeme na magitaa, unazidisha ushangiliaji huo. Ndiyo maradhi ya filamu za miaka ya 1980. Halafu Murphy, adui mkuu wa vijana hao, ambaye Jack Palance amemcheza kwa ukatili unaoaminika, anapigwa risasi na Billy. Murphy halisi alikufa kwa ugonjwa Oktoba 1878.

Itazameni tena sehemu ya sanduku mkiwa mmezima sauti, kisha jaribuni kuchora kwenye karatasi kila mpiga risasi alisimama wapi.