Mtani Asiyekuja Msibani

Walimu wenzangu waliobaki kazini huniuliza kwa nini vijana waliosoma, na hata wazee ambao hawana udhuru, wanachukua maoni yao ya siasa kwa wachekeshaji. Ukimwuliza kijana wa hapa Kalemela anaonaje juu ya tozo, au uchaguzi, au bei ya pamba, aghalabu atakujibu kwa mzaha aliousikia kwenye podikasti, yaani vile vipindi vya maongezi vinavyosikilizwa kwenye simu, na ataUtoa kama shahidi anavyotoa kielelezo mahakamani. Jibu la haraka ni kwamba vijana wa leo ni wavivu wa kufikiri. Jibu hilo silikubali. Mvivu hasikilizi maongezi ya saa mbili mpaka mwisho.

Hapana budi kwanza tuwatazame wanaoshindana na mchekeshaji. Taarifa ya habari ya kwetu ina desturi ya kutueleza mheshimiwa fulani amefungua nini na amewataka wananchi wafanye nini, kisha tunapewa hali ya hewa. Magazeti yalijaribu zaidi, nayo yakaonja joto ya jiwe. Mwaka 2017 peke yake Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa kwa vipindi mbalimbali, na mengine hayakurudishiwa leseni hadi Februari 2022. Mwandishi akijifunza kunyamaza, msomaji naye hujifunza kutomtegemea. Hapo ndipo anayethubutu kucheka huonekana kuwa ndiye peke yake anayesema.

Na kucheka nako kumekuwa na gharama. Oktoba 2019 Idris Sultan alihojiwa na polisi kwa sababu ya picha alizobadilishana sura na Rais Magufuli. Mei 2020 akakamatwa tena, safari hii baada ya kusambaza video akiicheka picha ya zamani ya Rais. Mtu akiona mwenzake ametiwa ndani kwa kicheko, ataamini kwamba ndani ya kicheko kile mlikuwamo jambo zito. Mimi niliitazama ile video: ni mtu anacheka suti iliyompwaya mwenye kuivaa, basi. Uzito uliongezwa na wale waliomkamata.

Lakini iko sababu ya kale zaidi, nayo ni utani. Sisi ni watu tuliolelewa kuamini kwamba ukweli mchungu una mlango wake, na mlango huo ni mtani. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Wahehe na Wangoni walipigana vita katika karne ya 19, na wajukuu wao wakarithi matusi bila mikuki. Mtani huingia msibani wakati wote wanalia, akamwiga marehemu alivyotembea, akataja ubahili wake na madeni yake mbele ya wajane, wala hakuna wa kumkasirikia. Msikilizaji wa podikasti, hata kama hajui, anamsikiliza mchekeshaji kwa sikio hilo hilo. Anadhani amempata mtani.

Tatizo ni kwamba mtani wa kweli hakupewa ruhusa ile bure. Huyo aliyemsema marehemu ndiye aliyeshika jembe la kaburi, ndiye aliyekesha na wafiwa. Tena alijua kwamba ukimfika msiba yeye, watakuja wale aliowatania nao watamlipa kwa kipimo kile kile. Ulimi wake ulikuwa na dhamana.

Hapa Usukumani tunayo mfano mwingine. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo asili yake ni mafundi wawili wa dawa, Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno. Kila upande hutunga nyimbo za kuuchafua mwingine, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Kejeli za pale ni kali kuliko chochote nilichosikia kwenye simu. Ila manju anapokutukana, manju wako yuko umbali wa kutupa jiwe, anaandaa jibu, na watazamaji wanasikia pande zote mbili kabla ya kuhamisha miguu yao.

Vichekesho vya redio navyo vilikuwa na pande mbili. Wenye umri wangu wanakumbuka Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, waliochukua jina lao katika methali yetu. Mjanja alikuwa pale, na mjanja kuliko yeye alikuwa pale, sisi tukabaki kuamua nani mpumbavu zaidi. Sasa sikiliza podikasti za siasa, ziwe za Dar es Salaam au za Nairobi. Wapo wawili au watatu, wote wa upande mmoja, na kila mmoja anamcheka mwenzake kabla hata sentensi haijaisha. Mpumbavu wa kisa hicho daima hayupo chumbani. Kicheko chao kinatutangulia, nasi tunakifuata kama kondoo wanavyofuata kengele; tukimaliza kucheka tunajikuta tumekwisha kukubali, na tunaona kwamba wazo lilikuwa letu.

Wakenya waliyaona haya kabla yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa kundi la Redykyulass, Tony Njuguna, Walter Mong'are na John Kiarie, walimwiga Rais Moi kwenye televisheni. Kazi ile naiheshimu sana, maana ilivunja woga. Lakini watazamaji wake walikuwa wameishi chini ya Moi miaka zaidi ya 20. Mzaha uliwakuta wanaijua habari. Kiarie mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017, akarudi tena 2022. Simlaumu. Nataja tu kwamba siku hiyo alivuka meza, akakaa kwenye kiti cha kuchekwa, na sauti ile ile iliyoaminiwa kwa sababu haikuwa ya mwanasiasa ikawa ya mwanasiasa.

Kwa msikilizaji wa leo mzaha haumkuti akiijua habari. Mzaha ndio habari yenyewe. Huko Marekani waliliona jambo hili mapema: uchunguzi wa taasisi ya Pew wa mwaka 2004 ulikuta asilimia 21 ya vijana wa miaka 18 hadi 29 wakisema hupata habari za kampeni mara kwa mara katika vipindi vya vichekesho. Huku kwetu nilijionea mwaka 2019, msimu wa pamba. Bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikaanguka, wanunuzi wakasita, na wakulima wa mkoa huu waliokwisha kupima pamba yao wakangoja fedha kwa miezi. Ulizunguka mzaha kwenye simu: Msukuma amekwenda mnadani kununua shati la mtumba kwa mkopo, kumbe limeshonwa kwa pamba yake aliyoiuza mwaka juzi. Nilicheka, na ningeusikia leo ningecheka tena. Ni mzaha mzuri, tena una ukweli ndani yake, kwamba tunauza nyuzi na kununua nguo kuukuu.

Ila nilipowauliza vijana pale kwenye kituo cha bodaboda bei elekezi huwekwa na nani, na kwa nini mfanyabiashara aogope kununua kwa 1,200, hakuna aliyekuwa na la kusema. Walikuwa na maoni makali juu ya wanunuzi, wote yale yale, kwa maneno yale yale. Mmoja akanijibu kwa heshima, "Mwalimu, mbona wale wa kwenye simu walishaeleza?" Nikamwomba anirudie walivyoeleza. Akanisimulia habari ya shati.

Wiki iliyofuata wachekeshaji walikuwa wamehamia jambo lingine, na vijana nao wakahama. Pamba ilikuwa bado ghalani, na baba zao walikuwa bado hawajalipwa.